Kuongeza Kuni au Kuziba Ufa

Moto wa nyumbani ni jambo dogo machoni pa wanachuoni, kwa kuwa huwaka jikoni, mahali ambapo vitabu haviendi mara nyingi. Walakini ndani ya jiko hilo mna swali kubwa la maadili. Joto likipungua, je, wajibu wa mtu ni kuongeza kuni, au ni kutafuta kwanza mahali joto linapopotelea? Methali moja yasema ya kuwa dawa ya moto ni moto. Nyingine yaonya ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hizi mbili hupatana vinywani mwa watu, lakini mbele ya jiko baridi haziwezi kutiiwa zote mbili kwa pamoja.

Nchi ya Shinyanga yafaa kuwa shahidi wa swali hili. Baridi yake si kali, wala nyumba zake hazihitaji kupashwa joto mchana kutwa. Moto unaotakiwa ni wa ugali, wa uji wa mtoto, na wa maji ya kumkanda mzazi aliyejifungua. Hata hivyo moto huo mdogo una gharama kubwa. Katika mafiga matatu yaliyo wazi, upepo huchukua joto ubavuni, kuni mbichi hulitumia jingine kukausha maji yake zenyewe, na sehemu ndogo tu ndiyo ifikayo kwenye chungu. Mkaa nao una hasara iliyotangulia. Katika tanuri la udongo la kienyeji, uzito wa mkaa unaopatikana mara nyingi hauzidi sehemu moja ya tano ya uzito wa kuni zilizopangwa. Mnunuzi wa Kahama au Geita haoni kilichogeuka moshi, mvuke na majivu, kwa maana kilipotea porini kabla gunia halijashonwa.

Tiba za hasara hiyo si siri. Kuni zikaushwe, mafiga yazungushiwe ukuta wa udongo, hewa ipewe njia chini ya moto, chungu kifunikwe. Aliye na nafasi ya kuyafanya haya akaacha, hapana shaka ana lawama. Lakini yule anayerudi na mzigo wa kuni kichwani jua likizama, na mtoto analia, analaumiwa kwa haki gani? Lawama haiwezi kumpita uwezo. Tena miti ya Shinyanga haikumalizwa na vyungu peke yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vilifyekwa kwa amri ili kufukuza mbung'o, mdudu aenezaye malale na nagana. Mashamba ya pamba yalitaka ardhi, ng'ombe wakataka malisho. Huko kwenye dhahabu ya Geita, miti hushushwa mashimoni kuwa matimba ya kuzuia udongo usiwaangukie wachimbaji. Kumhubiria mpishi ubahili wa kuni, na kunyamaza mbele ya hao wengine wote, ni kumpima mmoja kwa mizani na kuwaacha wengine wapite bila kupimwa.

Mfano ulio wazi wa haki ya joto waweza kuazimwa mbali, katika nyumba za nchi za baridi kama Uingereza. Huko maji huchemshwa katika boila moja, yakapelekwa kwa mabomba vyumba vyote, na katika kila chumba yakapita ndani ya rejeta, chombo cha chuma kinachofanana kwa jina na kile cha gari, ila kazi yake ni kukipasha chumba joto. Chumba kikiwa baridi, mwenye nyumba asiye na subira huongeza moto wa boila. Fundi hafanyi hivyo. Hugusa kwanza. Rejeta ikiwa baridi juu na moto chini, hujua ya kuwa hewa imenaswa ndani, naye hulegeza kizibo kidogo mpaka hewa itoke. Ikiwa baridi chini na moto juu, hujua ya kuwa matope ya kutu yametuama, naye huisafisha. Na ikiwa vyumba vya karibu na boila vina joto la kukera ilhali cha mwisho kinaganda, fundi hupunguza njia ya maji katika rejeta zilizo karibu, ndipo ile ya mbali ipate fungu lake. Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni mgawo.

Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mara nyingi uhaba wa wa mbali hautokani na uchache wa jumla, bali na njia pana mno ya wa karibu. Kuongeza moto kwa ajili ya chumba cha mwisho huonekana kuwa ukarimu, kumbe ni kumlipa tena aliyekwisha kushiba ili mwenye njaa apate makombo.

Yamkini mtu atapinga hapa. Atasema ya kuwa ufundi ukipatikana mashauri ya maadili hayana haja tena: jiko likiwa bora, miti itapona yenyewe. Pingamizi hili lina jibu la zamani. Mwaka 1865 William Stanley Jevons, mwanauchumi wa Kiingereza, alionyesha ya kuwa mashine za mvuke zilipoboreshwa, zikafanya kazi ile ile kwa makaa ya mawe machache zaidi, nchi yake haikupunguza makaa, iliyazidisha. Kazi iliyokuwa rahisi iliita kazi nyingine. Ufundi huziba ufa, lakini haumfundishi mtu kusema basi.

Fundisho la basi Wasukuma walikuwa nalo katika ngitili. Hiyo ni ardhi ifungwayo mvua zinapoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha ikafunguliwa wakati wa kiangazi malisho mengine yanapokwisha. Ngitili nyingi zilitoweka katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini mbali na viunga vyao vya asili. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulianza, na badala ya kuleta sheria ngeni uliipa nguvu desturi hiyo iliyokuwapo. Mwanzoni mwa karne hii ilikadiriwa ya kuwa zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika hifadhi. Mipaka yake ililindwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao, na aliyeivunja alitozwa faini, awe tajiri wa ng'ombe au maskini wa mbuzi mmoja.

Wajibu wa joto, basi, una ngazi tatu, nazo hazirukwi: kuchunguza kabla ya kuongeza, kugawa kabla ya kudai zaidi, na kuweka mpaka ambao hata aliyeufaidi ufundi atausimamia. Mwanamke wa mafiga matatu anahusika na ngazi ya kwanza kwa kadiri ya uwezo wake. Ngazi mbili zilizobaki ni deni la walio karibu na boila.