Je, Kuchora Mpaka Kwaweza Kuwa Wizi?

Twawaomba wasomaji wetu wafikiri kijiji chenye watu 50: wakulima 30 na wavuvi 20. Yatakiwa wagawanywe makundi 5 ya watu kumi kumi, na kila kundi litoe mjumbe mmoja wa baraza. Mwenye kugawa akiwa mvuvi mwerevu, atafanya makundi 3 yenye wavuvi 6 na wakulima 4 kila moja; kisha wakulima 18 waliosalia atawasonga katika makundi 2 pamoja na wavuvi 2. Basi wavuvi watapata wajumbe 3, na wakulima, ambao ndio wengi, 2 tu. Hapana aliyenyimwa kura, wala kura iliyofichwa. Zote zimehesabiwa sawasawa. Ni nani basi aliyeibiwa, naye ameibiwa nini?

Hila hii si ngeni. Mwaka 1812, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, Gavana Elbridge Gerry alitia sahihi sheria ya kugawa wilaya za uchaguzi wa Seneti ya jimbo. Yasemekana mwenyewe hakupendezwa nayo, lakini sahihi alitia. Wilaya moja ilipindapinda hata gazeti moja la Boston likaichora ina mbawa na makucha, mfano wa salamanda, mnyama wa maji afananaye na mjusi. Na jina la mnyama likaungwa na jina la gavana. Gerry alishindwa mwaka ule ule, lakini chama chake kilibaki na wingi katika Seneti. Jina hilo ladumu hata leo, na hila pia.

Katika Wisconsin mwaka 2018, chama cha Democratic kilipata kura kama 53 katika kila 100 za baraza dogo la jimbo, lakini viti 36 tu katika 99. Wengine hujibu ya kuwa wafuasi wa chama hicho wamejazana mijini, Milwaukee na Madison, hata mpaka uliochorwa kwa moyo safi ungewapunguzia viti. Neno hili lina kweli ndani yake, wala hatutalificha. Lakini ramani ile ilichorwa na wapinzani wao. Na Wademocratic nao wamefanya yale yale Maryland. Kesi ya Maryland na ya North Carolina zilifika Mahakama Kuu mwaka 2019, na majaji 5 kwa 4 wakaamua ya kuwa jambo hili si la mahakama za shirikisho kulipima.

Sisi twaona kilichoibiwa si kura, bali uwezo wa kumwondoa mkubwa. Mjumbe ajuaye ya kuwa hawezi kuondolewa, kwa nini awasikilize watu?

Lakini swali gumu zaidi lilikuja mwaka 2025. Texas ilichora ramani mpya kabla ya hesabu ya watu, ili chama cha Republican kipate viti 5 zaidi katika Bunge la Marekani. California, ambayo tangu mwaka 2008 ilikuwa imeanza kuwanyang'anya wanasiasa kalamu hiyo na kuwapa raia 14 wa vyama mbalimbali, ikajibu kwa kuchora ramani ya kuwapendelea Wademocratic. Watu wenyewe waliikubali kwa kura mwezi wa Novemba.

Twakiri ya kuwa mwanzoni tuliwaona wana haki. Ajifungaye mikono mbele ya asiyejifunga huwaumiza wale aliotumwa kuwatetea. Tena hawa, tofauti na Texas, waliwauliza watu wao. Ila tulipomfikiri mkulima wa kaskazini ya California, aliyezoea kuchagua Mrepublican, moyo ulisita. Yeye hakuchora ramani ya Texas. Wilaya yake imevutwa hata ikafungwa pamoja na watu wa pwani, naye analipa deni la watu asiowajua.

Ramani hiyo imewekewa mwisho: itatumika hata uchaguzi wa mwaka 2030, kisha kalamu irudi kwa wale raia 14. Mkulima yule ameambiwa angoje.