Kurisiti kwa Hela ya Kaka

Tukiwa sekondari, neno "kurisiti" lilisemwa kwa sauti ya chini. Aliyerisiti alikuwa ameanguka. Ukubwani nikafanya GRE, mtihani ambao baadhi ya vyuo vya Marekani huwataka waombaji wa uzamili na uzamivu waufanye, nikakuta kurisiti ni haki iliyoandikwa kabisa. Zikipita siku 21 unaweza kurudia, na ndani ya miezi 12 unaruhusiwa kuufanya hadi mara tano. Tena unachagua matokeo ya kutuma. Yale mabaya yanabaki siri yako.

Mimi sehemu ya lugha nilipata 149. Alama ya juu kabisa ni 170. Kaka yangu, anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, hakuuliza mengi.

"Mdogo wangu, kurudia shilingi ngapi?"

Dola 220, nikamwambia. Zaidi ya laki tano. Akavuta droo.

Je, kuficha matokeo ya kwanza si udanganyifu? Nadhani si. Kariakoo ukitajiwa bei ya kwanza hujadanganywa, maana wewe na muuzaji wote mnajua hiyo siyo bei yenyewe. Vyuo navyo vinaijua kanuni hii.

Kinachouma zaidi ni kwamba yupo mtu mwenye akili kama zangu, pengine kunizidi, ila hana kaka mwenye duka. Alama zake ni za siku moja. Zangu zitakuwa za siku yangu bora. Nikiacha kurudia, yeye hapati kitu. Lakini nikirudia, nisije nikasema nimemshinda kwa akili tu.

Halafu kuna kaka mwenyewe. Hela ile ni ya mzigo. Mara ya kwanza nilisoma wiki mbili, usiku, nimechoka na kazi. Nikirudi kwenye chumba cha mtihani nikiwa yule yule, nitakuwa nabeti tu, na mkeka kaulipia mtu mwingine. Sokoni, mwenye haki ya kusema "pima tena" ni yule anayejua mizani imekosea, au aliyeongeza kitu kwenye kapu. Mizani yangu haikukosea.

Nikamwomba azishike kwanza. Kwa miezi miwili, kila Jumamosi nitakuwa Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Kisha nitafanya yale majaribio ya bure ya waandaaji wa mtihani. Alama zisipopanda, hela inunue vitenge.

"Ukichelewa utaikuta ishakuwa mzigo," akasema, akafunga droo.