Ajali Mbili za Ndege Moja

Alfajiri ya tarehe 9 Machi 2009 ndege ya mizigo aina ya Ilyushin Il-76 iliruka kutoka Entebbe, Uganda, ikielekea Mogadishu na vifaa vya kikosi cha Umoja wa Afrika. Ndani yake walikuwamo maofisa wa jeshi letu la Burundi, mmoja wao brigedia jenerali. Haikufika mbali. Injini mbili zilishika moto, ikaangukia Ziwa Viktoria, na watu wote 11 wakafa.

Huku kwetu Gasorwe, msiba kama huo ukitajwa utasikia: ni kadari ya Allah. Ni kweli, na anayepinga hilo aitazame imani yake. Hata neno ajali limetoka kwenye Kiarabu, ajal, yaani muda uliowekwa.

Lakini uchunguzi wa Uganda ulikuta kwamba injini zote nne zilikuwa zimepita muda wake wa matumizi, na madai ya kampuni kuwa zilitengenezwa ili ziongezewe muda hayakuthibitika. Basi hapa pana ajal mbili. Ya mtu anaijua Allah peke yake. Ya injini imeandikwa kwenye karatasi, na binadamu wanaisoma.

Suratun-Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia aliyeua kwa kukosea. Hakukusudia, na marehemu amekufa kwa kadari. Hata hivyo analipa diya, jamaa wasiposamehe, na juu yake kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Aya inamtaja hata marehemu wa kaumu iliyo na mkataba nasi, kwa hiyo si damu ya Waislamu tu. Kama kadari ingefuta dhima, njaa ya miezi miwili ingekuwa ya nini?

Wapo wanaosema kutafuta mkosaji ni kumpinga Allah. Sikubaliani nao. Mfiwa akisema "ni kadari", anasubiri. Mwenye ndege akisema maneno hayo hayo, anajitetea, tena kwa neno alilomnyang'anya mfiwa.

Na abiria wa Gasorwe anayepanda gari lenye tairi lililokwisha huku akisema "tawakkaltu"? Kwake siwezi kuwa mkali. Pengine hakuna gari jingine la kumfikisha Muyinga siku hiyo. Dereva, yeye, alilijua tairi lake tangu asubuhi.