Baisikeli za Kale na Nafasi ya Ghala

Liko swali ambalo laonekana dogo, walakini ukilichungua utaona lina mizizi mirefu. Mtu akiwa na vitu vya kale avipendavyo, na nafasi ya kuviweka ikamwishia, avichague kwa kanuni gani? Twataka kulitazama kwa mfano wa baisikeli, maana huku Lagangabilili, kama kwingineko Usukumani, baisikeli kuukuu iliyoegemezwa ukutani si kitu kigeni.

Wazee wetu wengi walizinunua kwa fedha za pamba. Ilikuwako Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, yenye breki za vyuma na magurudumu ya inchi 28. Ikawako Phoenix ya Shanghai, na katika miaka ya 1970 Swala iliyoundwa Dar es Salaam. Zilibeba magunia, madebe ya maji, wagonjwa na maharusi. Basi si ajabu mtu akiona uchungu kuachana nazo.

Tuseme mzee ana baisikeli nne ghalani. Mvua imekuwa njema, mahindi na mtama vyaja kutoka shambani, wala havina mahali pa kuwekwa. Nafasi iliyobaki yatosha baisikeli moja tu. Ya kwanza ni Raleigh ya marehemu baba yake, nzima kabisa. Fundi akiitia mafuta na mipira mipya, kesho yashika njia. Ya pili ni Phoenix yake mwenyewe, fremu imekatika, lakini ndiyo iliyomfikisha mkewe hospitali usiku ule wa kuzaliwa mtoto wao wa kwanza. Ya tatu na ya nne ni mabaki tu; hakuna ajuaye habari zake.

Wengi wetu tungejibu upesi: nzima na ibaki, mbovu zitoke. Sisi nasi tulidhani hivyo hapo kwanza. Lakini tukifikiri zaidi twaona tumekwenda kinyume. Ile nzima ingali na safari mbele yake, na labda yuko mjukuu aendaye shule kwa miguu, mwendo mrefu, kila asubuhi. Ile iliyokatika haina safari tena. Kazi iliyobaki kwake ni kushuhudia, na shahidi hahitaji ila pembe ya ukuta. Basi nzima itoke, iliyokatika ibaki! Na yale mabaki yapelekwe kwa fundi yawe vipuri, kwa kuwa magurudumu ya kipimo kile yangali yakitumika.

Mtu atasema, "Raleigh ni ya baba, kijana ataiharibu. Akiba haiozi." Methali hiyo ni njema, lakini chuma hakiijui. Ghalani mpira hupasuka, mafuta hukauka, kutu hula mnyororo. Baisikeli huchakaa njiani, na ghalani huchakaa vilevile. Tofauti ni kwamba njiani huchakaa ikimfaa mtu.

Mwingine atasema, "Kila kitu kina habari yake; basi vyote ni mashahidi." La. Shahidi asiyeulizwa neno ni bubu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma, ambamo ngoma za watemi wa zamani zimehifadhiwa. Asipokuwapo wa kumweleza mgeni habari zake, ngoma ile ni mti na ngozi tu. Kwa hiyo mzee huyu, akitaka Phoenix yake ibaki, ana deni la kuwakalisha watoto wake na kuwasimulia usiku ule. Asipolilipa, atakuwa amehifadhi chuma tu.

Wa tatu atasema, "Na ajenge ghala kubwa zaidi." Tajiri wa mfano katika Injili alifikiri vivyo hivyo, naye akaulizwa vitu vile vitakuwa vya nani. Swali hilo halikomeshwi kwa matofali.

Walakini tusijidanganye. Mara nyingi hatuhifadhi kwa sababu ya kitu chenyewe, bali kwa kuogopa kuchagua. Kumpa mwingine baisikeli ya baba huonekana kama kumzika baba mara ya pili. Uchungu huo ni wa kweli, wala hatumcheki aliye nao. Lakini na akumbuke kwamba baba hakuvuna pamba na kuibeba mpaka gulioni ili baisikeli yake iegemee ukuta. Aliinunua apate kufika alikokwenda. Anayeitumia kufika shuleni anamheshimu mzee yule kuliko anayeifunika gunia.

Basi, kabla mavuno hayajaingia, kila mmoja na afungue ghala lake, na kwa kila kitu aulize mambo mawili: Je, kiko cha kumfaa mtu leo? Na kama hakiko, je, niko tayari kuisimulia habari yake? Kitu kisichopata jibu la ndiyo hata mara moja, na kiyapishe mahindi.