Kila Mtu na Mfuko Wake?

Ndugu msomaji, neno "safari" tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni moja na neno la kufunua. Wanachuoni, akiwamo Imam Ghazali, wamesema safari imeitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimwuliza mtu aliyekuwa akimsifu mwenzake: je, amepata kusafiri naye, au kuamiliana naye kwa fedha? Alipojibu hapana, akamwambia kwamba basi hamjui mtu huyo. Nilikuwa nikidhani safari inayokusudiwa ni ya siku nyingi. Kumbe hata matembezi ya siku moja yatosha, na aliyefunuliwa nikawa mimi.

Miaka kadhaa iliyopita tulitoka Mwananyamala wazee wanne, tuliosoma chuo kimoja utotoni, kwenda kutembea mjini. Tulipokuwa kituoni tukingoja daladala nikasema kwa sauti: "Jamani, leo kila mtu na mfuko wake, asionewe mtu." Nikaona nimehukumu kwa uadilifu.

Kwanza tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Hapo pana kiingilio. Mmoja wetu akasema: "Ingieni tu, mimi miguu inaniuma, nitawangoja kivulini." Tukaingia, tukatazama mambo ya kale, tukatoka tukisimuliana, na mimi nikamtania kuwa uvivu umemzidi. Kisha tukateremka Kivukoni, tukavuka kwa pantoni hadi Kigamboni. Baada ya sala ya Adhuhuri tukaagiza wali na samaki. Yeye akasema: "Maalim, mimi leo nimefunga." Nikamsifu mbele ya wenzetu: "Mwaona? Sisi twashughulikia matumbo, mwenzetu yumo katika ibada!" Akainamisha kichwa.

Alasiri tulipokwenda kutawadha nilimwona akikinga viganja bombani, akanywa maji mengi, kisha akatazama kando. Nikageuza uso upesi. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa siku ile ilikuwa Jumatano, si Jumatatu wala Alhamisi, wala haikuwa katika Ayyamul Bidh.

Sasa tujiulize: mwenye kosa ni nani? Yeye alisema uongo, na uongo juu ya ibada si jambo jepesi. Kila nafsi itaulizwa kwa yake. Lakini na mimi nitaulizwa kwa yangu. Angewezaje kusema "sina" baada ya tangazo langu la kituoni? Nilimfungia milango yote, nikamwachia mmoja tu ulio wazi, nao ni wa uongo. Alipokwisha kupita, nikaufunga nyuma yake kwa sifa, asiweze kurudi. Masikini hana mali, lakini ana haya, na haya ni katika imani. Mwenye kumlazimisha mtu achague baina ya haya yake na ukweli wake amemdhulumu, hata kama hakuchukua senti yake.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, ungemlipia tu." Naam, lakini kumlipia mbele za watu kungekuwa kumtangaza. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametuonya kuwa sadaka hubatilika kwa masimbulizi na maudhi. Na yako masimbulizi yasiyohitaji maneno. Jicho la mlipaji latosha.

Dawa niliikuta katika hadithi niliyokuwa nikiisomesha miaka mingi bila kuifanyia kazi. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ashari, kwa kuwa chakula kilipowapungukia vitani au mjini walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa. Zingatia, ndugu yangu: hawakutoa sawa, kwani hawakuwa na vitu sawa. Waligawana sawa. Mimi niligeuza jambo, nikataka usawa katika kutoa, na kwa hiyo hatukuwa sawa katika kula. "Kila mtu na mfuko wake" ni uadilifu wa muuzaji na mnunuzi. Urafiki una haki zaidi ya hiyo.

Tangu siku ile, kabla ya kutoka, tunapitisha mfuko wa kitambaa. Kila mmoja huingiza ngumi iliyofumbwa na kuitoa wazi, hata hajulikani aliyetia noti, aliyetia sarafu, wala asiyetia kitu. Mmoja wetu huushika na kulipia wote. Mfuko ukiwa mwepesi, twatosheka na mihogo ya Coco Beach.

Mwenzetu yule alitembea nasi mara nyingine kadhaa, na akala. Sikumwambia kamwe nililoliona bombani. Sasa yuko mbele ya haki. Simtaji jina, maana kumsitiri Muislamu ni wajibu, na aibu ninayoisimulia hapa ni yangu.

Mji huu, ambao Sultani Majid bin Said alianza kuujenga miaka ya 1860, una jina ambalo Kurani imeipa Pepo: Nyumba ya Salama. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu ni yule ambaye wenzake wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Siku ile mkono wangu haukumgusa mtu, lakini mwenzangu hakusalimika na ulimi wangu. Basi nawe utokapo na wenzio, kabla hujauliza mnakwenda wapi, mtazame yule anayesema atawangojeni nje.

Wabillahi tawfiq.