Kisiwa Kipi Kinafaa kwa Mapumziko?



Katika safari yetu ya Nairobi tulialikwa na jamaa wa Kibera, mtaa wa Soweto West, tusome nao darasa baada ya sala ya Magharibi. Huenda miongoni mwa wasomaji wetu wa mwambao wapo wanaodhani kuwa Kibera ni mahali pa watu wasioijua dini. Dhana hiyo si kweli. Makazi yale yalianzwa na askari Wanubi, Waislamu, mwanzoni mwa karne ya 20, na msikiti wao wa Makina unajulikana na kila mtu. Na mwaka 2017 serikali iliwapa Wanubi hati ya ekari 288 baada ya madai ya miaka mingi. Hao tuliokaa nao Soweto West ni watu wa makabila mbalimbali, na hamu yao ya elimu ilituonea haya sisi tuliotoka katika miji yenye msikiti kila kichochoro.

Darasa lilipokwisha, maswali yakaanza: ya tohara, ya talaka, ya riba katika mikopo ya simu. Kisha akasimama fundi mmoja wa cherehani, mtu wa makamo, akasema: "Sheikh, mimi na mke wangu tumekaa pamoja miaka 22. Hatujalala hata usiku mmoja mahali kwa ajili ya kupumzika tu. Safari zetu zote ni za mazishi na za maradhi. Sasa zamu yangu ya chama imefika, na karo za watoto nimekwisha kulipa. Nataka nimpeleke kisiwani siku nne, tulale katika hoteli nzuri, tule tusichopika wenyewe, tuitazame bahari. Nionyeshe kisiwa kinachofaa."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema kwa sauti kuwa hiyo ni israfu, na kwamba mwenye fedha hizo na awape mayatima. Nasi, hatufichi, tulitabasamu, na jawabu lililokuwa ulimini mwetu lilikuwa lile lile la kijana. Fundi akangoja kicheko kiishe, akasema kwa upole: "Sheikh, hapa hupita wageni kwa miguu, wana kamera, wanatembezwa kutazama nyumba zetu. Wakitoka hapa huenda Diani au Unguja kupumzika. Sijasikia mtu akiwauliza kama wanafanya israfu. Mbona mimi naulizwa?"

Hatukuwa na jawabu. Tukamwahidi kuwa tutamjibu katika kurasa hizi, na leo twaitimiza ahadi. Lakini jawabu hili si lake peke yake. Ni letu pia, sisi tunaokaa katika visiwa hivyo anavyoviulizia.

Jambo la kwanza: je, kupumzika ni halali kwa mtu wa Soweto West? Twasema ni halali, kama lilivyo halali kwa tajiri. Ni mashuhuri kisa cha Salman na Abu Dardaa, waliofanywa ndugu na Mtume, rehema na amani zimshukie. Salman alimkuta mke wa nduguye hana mapambo wala furaha, kwa kuwa mume ameishika saumu na sala za usiku mpaka amesahau nyumba yake. Akamlazimisha ale na alale, akamfahamisha kuwa nafsi ina haki na mke ana haki. Na Mtume alipoletewa habari hiyo akampa haki Salman. Basi ikiwa ibada haikuwa udhuru wa kumnyima mke haki yake ya kuburudika na mumewe, itakuwaje ufukara uwe udhuru? Ufukara humpunguzia mtu uwezo. Haki yake hubaki pale pale.

Israfu nayo haipimwi kwa aina ya kitu peke yake. Mwenyezi Mungu amewasifu wanaotoa bila ya kupindukia na bila ya ubahili, wakawa katikati. Katika miji yetu ya pwani watu hukopa kwa ajili ya harusi ya siku tatu, wakalipa miaka mitatu, na sisi masheikh hukaribishwa tukala pilau na hatusemi neno. Wafanyabiashara wetu huenda Dubai na Istanbul, wakarudi, tukawapongeza kwa kurejea salama. Kisha mtu anayelala na familia yake katika chumba cha futi 10 kwa 10, aliyeweka akiba yake shilingi kwa shilingi, akitaka siku nne za bahari twamtolea mizani. Mizani gani hiyo inayopima upande mmoja?

Huenda akasema msemaji: na jirani je? Mtume ametuonya juu ya mtu anayelala ameshiba na hali jirani yake pembeni ana njaa. Hilo ni kweli, wala hatulipunguzi. Kama wiki ile ya safari mtoto wa mlango wa pili ni mgonjwa na hana wa kumtibu, fedha ziende huko, na safari ingoje. Lakini tusiugeuze wajibu huo kuwa kifungo cha milele, kwamba yeyote akaaye miongoni mwa mafukara asipumzike mpaka ufukara wote uishe. Maana kwa hukumu hiyo watapumzika wale tu waliokwenda kukaa mbali na mafukara, na kumkimbia jirani kutakuwa ndiyo njia ya kuhalalisha starehe.

Na starehe inayomsahau jirani haidumu. Upande wa kusini wa Kibera lipo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Palikuwa mahali pa burudani, na watu wakiendesha mashua za tanga juu ya maji yake. Nyuma yake makazi yakakua na kukua, wala hayakuwekewa mifereji ya maji machafu, na uchafu haukuwa na pa kwenda ila bondeni. Bwawa likajaa taka na magugu kwa miaka mingi, na mashua zikatoweka. Waliokuwa wakistarehe hawakuwa na shida na jirani, mpaka shida ya jirani ilipowafikia majini.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Watu wakichagua kisiwa huuliza juu ya mchanga, rangi ya maji, kitanda na chakula. Kuuliza hayo si makosa. Lakini twaona swali lililo kubwa kuliko hayo ni hili: huko uendako, utakuwa nani? Utakuwa mgeni, au mnunuzi tu?

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaeleza habari za ndizi na ndimu, na misikiti ya mbao, na maji yaliyowekwa milangoni mwa misikiti ili watu waoshe miguu kabla ya kuingia. Usiku mmoja tu, na aliyaona hayo yote, kwa sababu hapakuwa na ukuta baina yake na watu. Mwaka 1343 alifika visiwa vya Maldivi, akafanywa kadhi.

Visiwa hivyo hivyo vya Maldivi leo vina sifa kubwa kwa starehe. Tangu mwaka 1972 hoteli zao zilijengwa katika visiwa visivyokaliwa na watu, kisiwa kimoja hoteli moja, na pombe iliyokatazwa katika visiwa vya wenyeji ikaruhusiwa humo. Twaifahamu hekima yao: walitaka kipato bila ya kuharibu mwenendo wa vijiji vyao. Lakini msafiri anayelala humo humwona mtu wa Maldivi amebeba sinia tu. Hamwoni akisali, akicheka na wanawe, wala akimkatalia jambo. Mahali pasipo mwenyeji, mtu hawezi kuwa mgeni. Afadhali ya njia iliyofunguliwa mwaka 2009 na baada yake, ya wenyeji kupokea wageni katika visiwa wanavyokaa wenyewe.

Kwetu Unguja mambo ni kinyume: watu wapo, ila mgeni huweza kuwapita asiwaone. Katika fukwe za Paje na Jambiani, maji yakitoka, wanawake huingia pwani kufunga mwani katika kamba zao. Kilimo hicho kilianza katika miaka ya mwisho ya 1980 na kimesomesha watoto wengi. Kwa mgeni ule ni mchanga mweupe wa kutembelea. Kwa mwenye kamba zile ni shamba. Kadhalika maji matamu: hoteli yenye bwawa la kuogelea na bustani hunywa kutoka chini ya ardhi ile ile inayolisha kisima cha kijiji.

Hapa fundi wetu ana elimu asiyokuwa nayo tajiri. Yeye hununua maji kwa mtungi; akiona bwawa la kuogelea karibu na kisima chenye foleni, haitaji kuelezwa. Yeye ametazamwa kwa kamera mlangoni mwake. Hahitaji kuambiwa asimpige picha mwanamke aliyeinama katika mwani. Twaona mtu wa namna hii ndiye aliyestahiki zaidi kusafiri, na watu wengi wanaosafiri wangefaidika kwenda kukaa kwake kwanza, wakae kama wageni, si kama watazamaji.

Basi jawabu letu kwake ni hili: nenda Lamu. Panda treni mpaka Mombasa, safari ya saa tano au sita tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017. Mombasa yenyewe ni kisiwa, ijapokuwa wengi huisahau. Ukiishiwa na nauli hapo, usijute. Kisha shika basi mpaka Mokowe, uvuke kwa mashua. Uliza nyumba ya wageni ni ya nani, na ulale katika ile ambayo fedha yako itabaki mjini. Ikiwa ina kitanda kizuri na dari ya kutazamia nyota, lala bila ya kuona haya. Sali Riyadha. Kisha tembea na mkeo ufukwe wa Shela mpaka mchoke, wala usiwapigie watu wa mtaani kwako picha za kuwatia unyonge.

Hatukukuchagulia Lamu kwa kuwa ni mji wa dini. Mji wa dini nao una dhambi zake. Tumekuchagulia kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba, na mtu hawezi kupita bila ya kukutana uso kwa uso na mwenyeji. Mwaka 2001 mji huo uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Lakini nyumba nyingi za kale, khasa upande wa Shela, zimekwisha kununuliwa na watu wa nje, na wana wa wenye nyumba wamehamia pembeni. Hatukunyang'anywa zote. Nyingi tumeziuza kwa mikono yetu, wengine kwa dhiki na wengine kwa tamaa, kisha twakaa barazani tukilia.

Na hapa neno latugeukia sisi watu wa pwani. Miaka michache iliyopita tulikwenda, tumevaa kanzu na kofia, kumzuru rafiki aliyefikia katika hoteli moja ya ufukweni. Mlinzi akatuzuia langoni, akatuuliza twataka nini na twamtaka nani. Tukiwa bado tumesimama juani, wakapita wageni wa Kizungu wanne, akawafungulia kwa tabasamu asiwaulize hata jina. Mlinzi yule ni mtoto wa mtaa wetu. Babake tulisoma naye chuoni. Tulirudi nyumbani na hasira, tukaitaja habari hiyo katika hotuba.

Usiku ule wa Soweto West, tulipotoka nje na kuvuka mtaro kwa ubao, ndipo tulipojiona. Tabasamu letu kwa fundi lilikuwa lile lile la mlinzi langoni. Naye mlinzi alikuwa na udhuru wa mshahara. Sisi tulikuwa na udhuru gani?

Tujiulize basi: mtu huyu akishuka gatini kwetu na mkewe na mkoba mmoja, atapokewaje? Mara ngapi mgeni wa Kizungu hupewa karibu na kiti, na mtu wa bara huulizwa kama amekuja kutafuta kazi? Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja rangi ya mgeni wala uzito wa mfuko wake. Kisiwa chaweza kuwa na mchanga na bahari na misikiti, na bado kisimfae mtu huyu, kwa sababu yetu sisi.

Fundi ametuarifu kuwa hawezi kuondoka kabla ya Idi, kwani nguo za watu zimejaa mezani kwake. Atasafiri wiki baada yake. Ndugu zetu wa Lamu mnaotusoma, mkimwona mtu wa makamo na mkewe wakitembea polepole pwani, wakisimama kila mara kutazama maji, msingoje watoe salamu wao. Waanzeni.

Wabillahi taufiq.