Tuhuma na Kipimo

Wengi wetu tunaamini kwamba kumdhania mtu vibaya ni kosa dogo, na kwamba kosa kubwa ni kumsingizia kwa makusudi. Mimi nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa sijapata kumsingizia mtu jambo nililojua kuwa ni la uwongo. Lakini mwaka 2010, hapa Tumbi, nilimfukuza nyumbani kwangu kijana asiye na hatia, tena nikiwa na yakini kwamba natenda haki. Tangu siku hizo nimekuwa nikijiuliza: mtu aliyekosea huku akiamini anayoyasema, je, ana lawama? Na kama anayo, inaanzia wapi?

Kisa chenyewe ni cha pikipiki. Nilikuwa na Honda CG125 kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba. Aina hiyo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, nayo ilibuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba watu watatu na gunia la mkaa, na oili hubadilishwa siku mwenyewe atakapokumbuka. Wachina walipoanza kuunda pikipiki za bei nafuu waliiga sana injini hiyo, hata bodaboda nyingi unazoziona Maili Moja ni kama wajukuu zake. Ni chombo kivumilivu, nacho hakinuni bila sababu.

Julai ya mwaka huo kilianza kununa. Baridi ya Kibaha si ya Makete. Kipupwe chetu ni cha kujifunika shuka mbili tu. Lakini kila alfajiri nilipiga kiki ishirini, thelathini, mpaka goti likauma, ndipo injini ikohoe na kuwaka. Ikishapata moto ilikwenda vizuri, na mchana kiki moja ilitosha. Nilikuwa na kibarua upande wa Mlandizi, ambako aliyechelewa aliandikwa kwenye daftari. Katika wiki mbili niliandikwa mara nne.

Wakati huo nilikuwa naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Maneromango, kule Kisarawe. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na jioni nilimwachia pikipiki akatafute abiria wawili watatu. Sasa msomaji akumbuke hali ya mwaka ule. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo sana kuliko petroli, ili mnyonge apate kuwasha kibatari chake. Na kwa sababu hiyo hiyo wajanja waliyachanganya na petroli na dizeli. Neno “kuchakachua” lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na ulipofika uchaguzi wa Oktoba likahamia hata kwenye kura. EWURA ilianza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka huo huo, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Lakini Julai hiyo kila aliyekuwa na chombo kibovu alikuwa na jibu tayari: kimetiwa mafuta ya taa.

Nami nikalichukua jibu hilo. Kielimu halikuwa la kipuuzi. Petroli ina sehemu nyepesi zinazogeuka mvuke hata asubuhi ya baridi, na ni mvuke huo unaoshika cheche. Mafuta ya taa ni mazito. Hayaanzi kuchemka mpaka kwenye nyuzi kama 150. Petroli iliyochanganywa nayo huwaka kwa taabu injini ikiwa baridi, kisha huenda vizuri ikishapata moto. Ndiyo dalili niliyoiona. Nilifungua tangi nikanusa, nami naapa nilisikia harufu ya kibatari. Chini ya kiti nikakuta kitambaa chenye harufu ya petroli. Hapo nikaona kesi imekwisha: kijana ananyonya petroli, anaiuza, na pengo analijaza kwa mafuta ya taa.

Nilimwita mbele ya mke wangu na jirani mmoja. Akasema, “Mjomba, mimi sijauza kitu. Hiyo pikipiki asubuhi...” Sikumwacha amalize. Kwetu mjomba ni mtu mzito. Akisema neno, mpwa hujibu kwa kuinamisha kichwa. Jioni ile alifunga nguo zake kwenye mfuko wa nailoni akaenda kwa mama yake.

Kesho yake saa nane mchana nilimwaga petroli yote, nikatia mpya kutoka kituo kingine, nikanunua na plagi mpya. Kiki moja, ikawaka. Nikamwambia mke wangu, “Umeona?” Petroli ya zamani nikaijaza kwenye chupa ya soda, nikaifunga vizuri, nikaiweka dirishani stoo ili siku moja nimwonyeshe dada ushahidi. Siku tatu nilikuwa msibani. Siku ya nne, alfajiri, pikipiki ikanuna kama zamani.

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi kuliko pale mwanzo. Sikusema, “Kumbe nilikosea.” Nilisema, “Ameshaiua injini kwa mafuta yake ya taa.” Tuhuma ilikuwa imepata mahali pa kulala, haikutaka kuamshwa.

Mwisho wa Agosti nilimpelekea fundi mmoja mzee aliyekuwa na kijiwe chake karibu na njia ya hospitali. Nilipoanza kumweleza habari za mpwa wangu alinikatiza kwa upole. Aliuliza maswali matatu tu: inasumbua saa ngapi, ikishawaka inakwendaje, na nimebadilisha nini. Nilipomwambia kwamba nilibadilisha petroli na plagi kwa pamoja, tena mchana, alitikisa kichwa. Akasema niiache pale ilale, maana ugonjwa wa alfajiri hupimwa alfajiri.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa kijiweni. Alivuta choki, akapiga kiki kumi, akafungua plagi: ilikuwa kavu. Akaigusisha kwenye chuma, akapiga kiki. Cheche ikaruka ya buluu. Kwa hiyo moto upo, kinachokosekana ni petroli. Akafungua mrija wa kabureta kidogo, petroli ikamiminika kwenye kopo. Kwa hiyo inafika kwenye kabureta, ila haiingii ya kutosha kwenye injini. Akarudisha plagi, akachomoa mpira wa hewa nyuma ya kabureta, akaziba mdomo wake kwa kiganja, akapiga kiki. Ikawaka mara ya pili.

Akanionyesha. Injini baridi inahitaji petroli nyingi kuliko kawaida, kwa sababu sehemu kubwa haigeuki mvuke. Kazi ya choki ni kubana hewa ili petroli ifyonzwe zaidi. Kwa nje mkono wa choki ulipanda mpaka mwisho. Kwa ndani kijilango chake kilifika nusu tu, kwa kuwa mkono ulikuwa umelegea kwenye ekseli yake kwa kuliwa na miaka. Alikaza, akanidai pesa ya chai. Hakuna aliyeharibu kitu. Kilichakaa tu, kama sisi tunavyochakaa.

Nilirudi nyumbani nikachukua ile chupa. Kipimo nilikijua tangu utoto: tone la petroli safi kwenye karatasi hukauka upesi lisiache kitu, na lenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Nilidondosha tone kwenye ukurasa wa daftari, nikangoja. Lilikauka, karatasi ikabaki nyeupe. Ushahidi wa kumtetea kijana ulikuwa umekaa dirishani kwangu zaidi ya mwezi mzima, nami nikiuita ushahidi wa kumhukumu.

Basi lawama inaanzia wapi? Sidhani kwamba inaanzia kwenye kushuku. Uchakachuaji ulikuwepo kweli, na asiyeshuku kabisa ataibiwa mpaka mlango. Hata fundi alianza kwa kushuku: alishuku moto, akashuku petroli, akashuku hewa. Tofauti yetu ni kwamba yeye kila alichokishuku alikipima, na alianza na kipimo chepesi kinachoweza kurudishwa kama kilivyokuwa. Plagi ikifunguliwa hufungwa tena. Mpira ukichomolewa hurudishwa, na injini haiweki kinyongo. Mimi niliruka tone la petroli kwenye karatasi, lisilogharimu hata senti, nikaanza na neno “mwizi” mbele ya jirani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo imani yangu njema hainisafishi. Naam, nilisema niliyoyaamini. Lakini niliamini kabla ya wakati, huku kipimo kikiwa mkononi. Kadiri jambo litakavyomuumiza mtu, ndivyo tunavyodaiwa kupima zaidi kabla ya kulisema, na kukosa hasira au chuki hakulipi deni hilo. Tuna msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nauogopa sasa. Mwaka ule uchakachuaji ulikuwa ukisemwa kila mahali, nami nikamtafutia mtu wa kumvika.

Septemba nilikwenda Maneromango kwa pikipiki ile ile, kupitia Mlandizi na Mzenga. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake na wazee wawili, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alisikiliza, kisha akasema kwa adabu, “Mjomba, choki haikuwa inaziba. Mimi nilikuwa naziba hewa kwa kitambaa, nikakiweka chini ya kiti. Ndicho nilichotaka kukwambia siku ile.”

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimezoea kuona kwamba kumsikiliza mtuhumiwa ni hisani tunayomfanyia. Siku hiyo nilijifunza kwamba yeye huenda ndiye peke yake anayejua ukweli, na ukimziba mdomo unajinyima mwenyewe. Kile kitambaa nilichokihesabu kuwa ushahidi kilikuwa ndicho jibu.

Alinisamehe, na dada naye alisamehe. Lakini hakurudi Tumbi. Sasa ana familia yake huko huko, na sikukuu zikifika hunipigia simu, “Shikamoo mjomba.” Namwitikia marahaba. Pikipiki ninayo bado, na hata kipupwe inawaka kiki ya pili.